Kuosha Injini, Kuosha Ushahidi

Jumamosi moja mwezi wa sita niliamka kabla ya jua, nikafungua boneti ya gari langu na kuanza kuosha injini. Nilikuwa na gari lile miaka saba na sikuwa nimewahi kuiosha injini yake hata mara moja. Bodi ndiyo, kila wiki. Viti, mazulia, vioo, hata matairi nilikuwa nayapiga brashi kabla ya kwenda harusini. Lakini chini ya boneti? Nani anaangalia? Siku ile niliosha kwa sababu moja tu: nilitaka kuliuza.

Msaidizi wangu alikuwa mpwa wangu, mtoto wa dada, mwenye miaka tisa, ambaye hakuna kazi ya maji asiyoipenda. Alishika ndoo, akachungulia ndani, akakunja pua.

"Mjomba, mbona leo tunaosha huku?"

"Ili mtu anayekuja kununua akute pasafi."

Akafikiri kidogo. Yeye ndiye hutumwa kumwaga mchanga pale gari linapolala, kwa sababu kila asubuhi huwa kuna doa jeusi. "Kwani oili imeacha kuvuja?"

Nikamwambia alete sabuni.

Naandika makala hii kwa sababu ya swali lile. Siku ile sikulijibu, na bado sina hakika kama jibu nililokuja kulipata baadaye linatosha.

Tuanze na uchafu wenyewe, maana huu si uchafu wa kawaida. Vumbi likikaa juu ya kiti ukalifuta, limeondoka. Halikuwa na habari ya kukupa zaidi ya kwamba dirisha lilikuwa wazi. Uchafu wa injini una habari. Gasketi ya tapeti kava ikichoka, oili hutoka taratibu na kushuka ubavuni mwa injini. Vumbi la barabara zetu za Tabata likiikuta linaganda nayo, joto linaupika mchanganyiko huo, na baada ya mwaka mmoja au miwili unakuwa na tope jeusi gumu kama lami. Unga mweupe kwenye vichwa vya betri unakuambia asidi inatoka. Doa lililokauka, la kijani au la waridi, kwenye mpira wa rejeta linakuambia kulanti inapita mahali isipotakiwa. Fundi wangu hufungua boneti, huweka mikono nyuma, na kabla hajagusa kitu ameshakusomea maisha ya gari lako: ulivyochelewa kubadilisha oili, ulivyomimina kwa pupa ikamwagika, ulivyoambiwa mwaka juzi ubadilishe ule mpira nawe ukasema mwisho wa mwezi.

Kwa hiyo tope lile lilikuwa kama daftari. Miaka saba ya uzembe wangu imeandikwa humo kwa wino mweusi.

Lakini, na hapa ndipo jambo linapoanza kuwa gumu, fundi huyohuyo ndiye wa kwanza kukuambia uoshe. Injini ikishakuwa nyeusi yote, hata yeye hawezi kujua oili inatoka wapi. Imetoka juu ikashuka? Imetoka pembeni ikarushwa na feni? Huwezi kujua. Dawa yake ni kuosha kila kitu, kukausha, kuendesha siku tatu nne, halafu kufungua tena na kuangalia unyevu mpya umeanzia wapi. Pale palipolowa ndipo penye ugonjwa. Yaani kuosha ni njia ya kuutafuta ukweli. Kwa maji yaleyale, sabuni ileile na brashi ileile, mmoja anaosha ili aone, na mwingine anaosha ili mwenzake asione. Ukimpiga picha kila mmoja wakati anasugua, hutajua nani ni nani.

Mimi kwa bahati mbaya nilikuwa wote wawili.

Niseme kidogo tulivyofanya, kwa kuwa najua kuna msomaji atakayetaka kuosha ya kwake kesho. Injini iwe imepoa kabisa. Ukimwagia maji baridi chuma cha moto unaweza kukipasua, achilia mbali kujiunguza. Chomoa waya wa hasi wa betri. Funga kwa mifuko ya plastiki altaneta, boksi la fyuzi na mdomo wa kuvutia hewa, maana umeme na maji havijawahi kupatana. Kisha usikimbilie maji. Kwangua kwanza kukiwa kukavu. Sisi tulitumia vijiti vya mbao na kijiko cha zamani, tukawa tunatoa tope kwa vipande na kuliangushia kwenye maranda tuliyomwaga juu ya turubai chini ya gari. Baada ya hapo ndipo sabuni ya kukata grisi, brashi ya kufulia kwa sehemu pana na mswaki mkuukuu kwa vichochoro. Usitumie petroli hata kidogo, hata kama fundi wa mtaani atakuambia ndiyo inayokata haraka. Inakata, ila cheche moja tu na wewe mwenyewe umekatika. Suuza kwa maji kidogo kutoka kwenye kopo au mpira usio na nguvu. Mashine ya presha iache, inasukuma maji hadi kwenye matundu ya plagi na gari litawaka likikohoa. Futa, acha boneti wazi juani, rudisha betri.

Ilituchukua hadi adhuhuri. Ikabaki ndoo.

Ndoo ya maji meusi, na nyingine nusu. Mpwa wangu akaibeba moja kwa mikono miwili, akaelekea getini, kwenye mtaro. Ndivyo tunavyofanya siku zote na maji machafu, na hata mimi mkono ulishainuka kumfungulia geti. Kilichonisimamisha ni yeye kuuliza kama yale maji yatafika mbali.

Yatafika. Mtaro wetu unashuka bondeni, na maji ya bonde letu yanakwenda Mto Msimbazi. Msimbazi unapita Jangwani, na kila aliyekaa Dar es Salaam anajua masika yakikolea nini hutokea Jangwani: mto hutoka kitandani mwake na kuingia katika vyumba vya watu. Kisha unamalizikia baharini pale Daraja la Salender. Kwa hiyo oili yangu nikiimwaga getini ingekuwa imeondoka kwangu, hilo ni kweli. Ila isingekuwa imeondoka duniani. Ingekuwa imehamia kwenye kisima cha mtu, kwenye bustani ya mchicha ya mtu, kwenye wavu wa mtu.

Hapo ndipo nilipopata maneno ya kitu ambacho kilikuwa kinanisumbua tangu asubuhi. Kusafisha ni kuhamisha. Hakuna uchafu unaokwisha kwa kuoshwa. Unatoka mahali unakwenda mahali. Vumbi la sebuleni linakwenda uani, la uani linakwenda jalalani, la jalalani linakwenda kwa yule anayeishi karibu na jalala. Tukisema "nimesafisha" tunasema nusu ya habari. Nusu nyingine ni: nimempelekea nani, na je, anajua?

Siku ile nusu ya pili niliitendea haki upande wa maji. Maranda yaliyonyonya oili tuliyafunga kwenye kiroba, maji tukayamimina kwenye dumu, na jioni nikavipeleka vyote gereji kwa fundi, ambako kuna pipa la oili chafu. Fundi alicheka sana. "Bosi, umenunua usafiri wa kuleta taka?" Nilijisikia mtu mwema. Nadhani wema ule mdogo ndio ulionipumbaza, kwa sababu kesho yake alikuja mnunuzi.

Ngoja nieleze kwanza gari lilikuwa na nini. Wiki ile fundi alikuwa amebadilisha gasketi ya tapeti kava, kwa hiyo juu palikuwa pazima. Lakini chini, pale injini inapoungana na gia boksi, kuna sili ya krenki, na sili ile ilikuwa imechoka. Yenyewe haina bei kubwa. Kazi ndiyo ghali, kwa kuwa lazima gia boksi ishuke. Fundi alinitajia 350,000 pamoja na kila kitu. Sikutengeneza. Lilikuwa linavuja kidogo tu, na kuongeza oili kila baada ya wiki mbili ni rahisi kuliko kutoa laki tatu na nusu kwa mkupuo. Zaidi ya hapo, fedha za gari nilikuwa nimeshazipangia hadi shilingi ya mwisho: mama yuko Tanga, nyumba yake imesimama tangu mwaka juzi bila paa kamili, na vuli haingoji mtu.

Mnunuzi alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mpole, amevaa shati la kazini siku ya Jumapili. Alitaka gari la kubebea abiria, ameunganisha akiba yake na mkopo wa kikundi. Alizunguka mara mbili. Akafungua boneti. Akasimama.

"Dah! Kaka, hili gari limetunzwa."

Hebu nipime, msomaji. Sikusema limetunzwa. Yeye ndiye aliyesema. Sikusema halivuji, kwa sababu hakuuliza. Aliinama akachungulia chini, akakuta pakavu, maana tulipafuta jana yake kwa uangalifu mkubwa. Nilichosema ni, "Ahsante, mdogo wangu." Tukakubaliana 8,500,000. Akaacha laki tatu ya kishika uchumba, akaahidi kurudi Jumatano na zilizobaki.

Usiku ule nililala vizuri. Nasema hivi kwa sababu watu wanaoandika habari za dhamiri hupenda kudai hawakupata usingizi. Mimi nilipata. Nilikuwa na wakili hodari kichwani, na hoja yake ilikuwa ya kale kwetu: mwenye macho haambiwi tazama. Yeye ni mtu mzima, ana macho, ana simu, angeweza kuja na fundi. Mbona mimi niliponunua gari hilohilo miaka saba nyuma sikuambiwa kitu? Nalo lilikuwa limeoshwa, linang'aa. Doa la kwanza niliona siku ya kumi.

Wakili yule ni wa kale kuliko nilivyodhani. Mwaka 44 kabla ya Kristo, Cicero, Mrumi, aliandika kitabu juu ya wajibu, na katika sehemu yake ya tatu akaweka mfano wa mfanyabiashara anayeleta nafaka kutoka Alexandria kwenda kisiwa cha Rhodes wakati wa njaa. Njiani ameona meli nyingine nyingi zenye nafaka zinakuja nyuma yake. Je, awaambie watu wa Rhodes, au anyamaze auze kwa bei ya njaa? Akaongeza mfano wa nyumba: muuzaji anajua mbao zake ni mbovu na nyoka wanaingia vyumbani, na mnunuzi hajui. Cicero anawaleta wanafalsafa wawili wabishane. Diogenes wa Babeli anasema kuficha ni kitu kimoja na kunyamaza ni kingine. Muuzaji atimize sheria, asiseme uongo, basi. Antipater, mwanafunzi wake, anasema hapana, mnunuzi anastahili kujua kila anachokijua muuzaji. Cicero mwenyewe anasimama na mwanafunzi.

Mimi nilitaka kusimama na mwalimu. Kilichonizuia ni turubai. Ningekuwa nimenyamaza tu, doa lile likiwa pale sakafuni kwa kila mwenye macho, labda methali ingenilinda. Lakini nilipiga magoti, nikafuta. Huwezi kumwambia mtu ana macho baada ya kumwondolea cha kutazama. Kunyamaza kwangu kulikuwa na mikono, na mikono ile ilikuwa na sabuni.

Kisha nikakumbuka kisa kingine, ambacho sikukisoma popote; nilikisikia chuoni Tanga nikiwa mtoto. Mtume Muhammad (S.A.W.) alipita sokoni, akakuta lundo la nafaka. Akaingiza mkono ndani, vidole vikakutana na unyevu. Akamuuliza mwenye mali, naye akajibu kwamba ni mvua. Hakulaumiwa kwa mvua. Alichoulizwa ni kwa nini hakuweka ile iliyolowa juu, watu wakaiona. Tulipokuwa watoto maalimu alisisitiza ile hukumu kali inayofuata juu ya wanaodanganya. Ukubwani kinachonishika ni hii sehemu ya kwanza, kwa kuwa ni ya vitendo kabisa: iliyolowa iwe juu. Hakuambiwa atupe nafaka. Hakuambiwa asiuze. Aliambiwa apange lundo lake upya.

Jumanne jioni nikampigia kijana yule simu. Nikamweleza sili, gia boksi, bei ya fundi, na kwamba chini nilipafuta mwenyewe siku moja kabla hajaja. Nikamwambia alaze gari juu ya kadibodi usiku mmoja ajionee matone.

Kimya kirefu. Nilitegemea ahsante, nakiri. Nilikuwa nimeshaiandalia na jibu la unyenyekevu.

"Sasa kaka," akasema, "kingine ni nini?"

"Hakuna kingine."

"Jumapili pia hakukuwa na kingine."

Alikuja Jumatano na fundi wake. Walikaa chini ya gari saa nzima. Hawakukuta jipya, ila bei ilishuka hadi 7,600,000. Nikamwambia matengenezo ni 350,000, mbona amepunguza laki tisa? Akasema laki tatu na nusu ni ya sili, zilizobaki ni za yale asiyoyajua. Fundi wake akatikisa kichwa kumuunga mkono, na mimi nikakosa la kusema.

Hesabu yake ina jina katika uchumi. Mwaka 1970 Mmarekani George Akerlof aliandika makala kuhusu soko la magari yaliyotumika, na mwaka 2001 akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na Michael Spence na Joseph Stiglitz kwa kazi zao juu ya masoko ambayo upande mmoja unajua zaidi ya mwingine. Hoja ya Akerlof mtu yeyote aliyewahi kushinda na madalali wa magari anaielewa. Mnunuzi hawezi kutofautisha gari zima na bovu, kwa hiyo hutoa bei ya katikati. Mwenye gari zima anaona amepunjwa, analirudisha nyumbani. Sokoni yanabaki mabovu, bei inashuka tena, na wazima wengine wanaondoka. Kila injini inayooshwa ili kuficha inaipunguzia thamani injini iliyooshwa kwa nia njema. Leo kuna mafundi hapa mjini wakikuta injini inang'aa wanarudi hatua moja nyuma. Usafi wenyewe umegeuka kuwa dalili ya ugonjwa. Yule aliyeniuzia mimi miaka saba iliyopita hakuchukua fedha zangu peke yake. Alichukua na imani ambayo mtu mwingine angehitaji kuitumia kesho. Nami Jumapili ile nilichukua ya kijana.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaotuhubiria kwamba ukweli hulipa. Kwangu haukulipa. Kama ningetengeneza sili kwanza ningebaki na zaidi ya nusu milioni mkononi; kama ningenyamaza ningebaki na laki tisa. Mabati ya mama yalifika hadi sebuleni na vyumba viwili. Jiko limebaki na turubai, lilelile la kuoshea injini, na mama hupenda kuniuliza kwa nini lina madoa. Wala ukweli haukunirudishia heshima kwa yule kijana. Uliposemwa Jumanne ulikuwa umechelewa siku mbili, na ukweli uliochelewa unafanana mno na uongo uliotubu. Nilimpa mnunuzi habari sahihi wakati ambao hakuwa tena na sababu ya kuniamini.

Bado nadhani nilipaswa kupiga simu ile. Si kwa sababu ya malipo, bali kwa sababu oili ilikuwa yangu. Ningenyamaza isingekwisha, ingehamia kwa kijana mwenye mkopo wa kikundi, ikamdondokea usiku mmoja njiani na abiria ndani. Kama niliona haya kuimwaga mtaroni ikamfikie mtu wa Jangwani nisiyemjua, ningewezaje kummwagia mtu aliyeketi barazani kwangu akanywa chai?

Sasa nina gari jingine, kuukuu zaidi ya lile. Mwezi uliopita tuliosha injini yake, mimi na mpwa wangu, kwa utaratibu uleule: kwangua, maranda, mswaki, dumu. Hatuuzi. Tuliendesha siku nne, kisha tukafungua boneti asubuhi, yeye akiwa ameshika tochi. Alipekua kila kona, halafu akapiga kelele kwa furaha kama mtu aliyeokota hela.

"Mjomba, njoo! Hapa pamelowa!"

Nikaenda kuangalia.